Mashine ya Perkins kwa mtoto kiziwi asiyeona: uzuri wake, mipaka yake na matumizi yake

Kwa mtoto kiziwi asiyeona ambaye tayari anazungumza kwa mikono, mashine ya Perkins ya kawaida, ile ya chuma isiyohitaji umeme, ndicho kifaa cha kuandikia nukta nundu, yaani maandishi ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa vidole, tunachokipendekeza kuliko vingine vyote. Kwa mtoto ambaye bado hana njia ya kuomba, kukataa wala kuuliza, isinunuliwe sasa. Hali hizo mbili ndizo zinazoamua kama fedha zako zitazaa lugha au zitazaa pambo la kabatini, kwa hiyo sehemu kubwa ya tathmini hii inamhusu mtoto na mtu mzima aliyeketi naye.

Kwanza, kifaa chenyewe. Kilibuniwa na David Abraham, mwalimu wa useremala katika Perkins School for the Blind, Watertown, Massachusetts, na kikaanza kutengenezwa na Howe Press, kitengo cha uchapaji cha shule hiyo, mwaka 1951. Umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Kina uzito wa karibu kilo 4.8 na mpini wa kubebea. Kila herufi ya nukta nundu hukaa katika seli moja yenye nafasi za nukta sita: ya 1, ya 2 na ya 3 upande wa kushoto kuanzia juu, ya 4, ya 5 na ya 6 upande wa kulia. Mbele kuna vitufe tisa. Ukianzia kushoto, cha kwanza ni cha kushusha mstari, halafu nukta ya 3, ya 2 na ya 1. Katikati kuna kitufe cha nafasi. Kisha nukta ya 4, ya 5 na ya 6, na mwisho kabisa kulia ni kitufe cha kurudi nyuma. Kidole cha shahada cha kushoto hukaa kwenye nukta ya 1 na cha kulia kwenye nukta ya 4. Vitufe vya herufi moja hubonyezwa kwa pamoja, na kichwa cha kuchapia husogea hatua moja. Karatasi pana kabisa inayoingia, ya karibu sentimita 28 kwa 29, hubeba mistari 25 yenye seli 42 kila mmoja. Karatasi ya A4 hubeba pungufu kidogo, seli thelathini hivi kwa mstari, nazo zinamtosha mtoto anayeanza.

Uzuri wake kwa mtoto huyu uko katika mambo mawili. La kwanza, nukta hutoka zikiwa zimeinukia juu. Mtoto akiandika seli chache anaweza kunyoosha kidole kushoto mwa kichwa cha kuchapia na kukuta alichokiandika kimekaa vilevile kitakavyosomwa. Kibao cha nukta na kalamu yake ya kuchomea ni rahisi kubeba na bei yake ni nafuu sana, lakini huandika kuanzia kulia kwenda kushoto, herufi zikiwa zimegeuzwa, na mtoto hawezi kuzisoma mpaka karatasi itolewe na kugeuzwa. Mtoto asiyeona lakini anayesikia huelezwa kwa mdomo kwamba asubiri, nukta ziko upande wa pili. Mtoto kiziwi asiyeona ambaye bado anajenga lugha hana pa kuyapokea maelezo hayo. Kwake, tendo na matokeo yake visipofuatana papo hapo, huwa ni mambo mawili yasiyohusiana.

La pili ni mtikisiko. Kila herufi inapochapwa, chuma kinagonga na meza inatetemeka. Weka mashine juu ya meza ya mbao, isiwe juu ya saruji wala juu ya kitanda, na mtoto aweke kiganja kimoja kwenye meza: atajua kwamba mtu anaandika hata kama yeye hajagusa kitufe. Wengine huweka mkeka mnene wa mpira chini ya mashine ili isiteleze. Mpira huo humeza mtikisiko. Tumia kipande chembamba, au bandika vipande vidogo kwenye pembe nne tu.

Mtego wa lebo

Shule iliyotoa mashine hii ina historia ndefu na watoto viziwi wasioona. Laura Bridgman, aliyezaliwa mwaka 1829 New Hampshire, alipelekwa Boston mwaka 1837 kwa Samuel Gridley Howe, mkurugenzi wa taasisi hiyo. Howe alianza kwa kubandika lebo zenye herufi zilizoinuka kwenye vitu vya kila siku kama kijiko, kisu na ufunguo. Laura alijifunza kuoanisha lebo na kitu, kisha akajifunza kupanga herufi zilizotenganishwa. Kwa muda alifanya yote hayo kwa kuiga na kukariri tu, bila kujua kwamba herufi zile ni njia ya kumwambia mtu mwingine jambo. Ufahamu huo ulikuja baadaye.

Hapo ndipo mashine ya Perkins inapoweza kukupoteza. Mwezi wa kwanza unaandika «kikombe» kwenye karatasi, unabandika kikombeni, mtoto anaoanisha sawasawa, na kila mtu anafurahi. Lakini kuoanisha ni kazi ya vidole. Angalia mambo matatu. Je, mtoto anachukua kadi ya «kikombe» na kukuletea wakati ana kiu na kikombe hakipo karibu? Anaitumia kwa mtu mwingine asiyekuwa mwalimu wake? Anaweza kuisukuma pembeni akiwa hataki? Kama jibu ni hapana kwa yote matatu, una mtoto hodari wa kuoanisha, na kumwongezea lebo hamsini nyingine hakutaleta lugha. Rudi kwenye mazungumzo ya mikono.

Anne Sullivan, aliyesoma Perkins na kuhitimu mwaka 1886, alijifunza tahajia ya vidole, yaani kuunda herufi kwa vidole mkononi mwa mwenzako, kutokana na kuishi nyumba moja na Laura Bridgman. Alifika Tuscumbia, Alabama, tarehe 3 Machi 1887 kumfundisha Helen Keller, mtoto kiziwi asiyeona. Kabla majira ya machipuko hayajaisha alikuwa ameacha vipindi vya kukaa kitako vyenye saa maalumu, akaamua kuzungumza mkononi mwa mtoto siku nzima kama watu wanavyozungumza na mtoto mchanga anayesikia: sentensi kamili, juu ya jambo linalotokea wakati huohuo, bila kudai jibu. Mtoto anayesikia husikia maelfu ya maneno kabla ya kutamka lake la kwanza. Mtoto kiziwi asiyeona hupata yale tu yanayofika kwenye ngozi yake. Mashine inapaswa kuongezea kwenye mtiririko huo, na haiwezi kuchukua nafasi yake.

Kinachotakiwa kuwepo kabla ya kununua

Kwanza pima mabaki ya kuona na kusikia. Watoto wengi wanaoitwa viziwi wasioona wana kiasi fulani cha kimoja au vyote viwili. Mwenye uoni wa kutosha kufuata maandishi makubwa meusi huenda asihitaji nukta nundu kama njia yake kuu, isipokuwa kama uoni huo unapungua, kama inavyotokea kwa wenye sindromu ya Usher, hali ya kurithi inayoathiri kusikia na kuona. Huyo aanze nukta nundu mapema, wakati macho bado yanasaidia vidole.

Baada ya hapo ni kalenda ya vitu. Njia hii inatokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya Jan van Dijk huko Sint-Michielsgestel, Uholanzi, na watoto waliozaliwa na athari za rubela, ugonjwa wa virusi ambao mama huupata akiwa mjamzito. Tengeneza sanduku refu la mbao au la katoni ngumu lenye vyumba vitatu au vinne, kila kimoja upana wa sentimita 20 hivi, vimepangwa kutoka kushoto kwenda kulia, na mwisho wa kulia kuwe na kikapu cha «imekwisha». Kila chumba kina kitu kinachosimama badala ya tukio: kikombe chenyewe cha uji, kipande cha dodoki kwa ajili ya kuoga, kipande cha mkeka kwa ajili ya kupumzika, kamba ya bembea, kandambili kwa ajili ya kutoka nje. Kabla ya tukio, mtoto anachukua kitu, anapewa alama yake mkononi, anakwenda nacho, tukio linafanyika, wanarudi, kitu kinaingia kikapuni. Mpangilio huu wa kushoto kwenda kulia ndio utakaotumika baadaye kusoma mstari, kwa hiyo usiupange juu kwenda chini kwa sababu tu rafu yako iko hivyo.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni vitu vidogo vya kuchezea vya plastiki. Gari dogo la kuchezea linafanana na gari machoni mwa anayeona. Mkononi ni kitu kidogo chenye magurudumu, na halina uhusiano wowote na kiti kinachotetemeka na mkanda unaobana kifua. Kipande cha mkanda wa kiti kinasema «gari» vizuri zaidi. Chagua kile ambacho mkono wa mtoto unakigusa kila mara tukio linapofanyika.

Kosa la pili ni haraka. Ukiweka kitu mkononi mwa mtoto na kutoa alama yake, ngoja. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi, na kwa wengine zaidi. Mtu anayeona huvunjika moyo sekunde ya tatu na kuanza kurudia alama, na kila marudio humrudisha mtoto mwanzo wa kufikiri.

Kosa la tatu ni kushika mikono ya mtoto kutoka juu na kuiendesha. Mikono ndiyo macho na ndiyo mdomo wake. Ukiifunga umemziba vyote. Weka mkono wako chini ya wake, yeye awe juu, awe huru kuondoka. Kanuni hiyo inahusu sufuria, sabuni, mlango na mashine ya Perkins vilevile.

Kutoka kwenye kitu hadi kwenye nukta kuna madaraja. Kitu kizima, kisha sehemu ya kitu iliyobandikwa kwenye kadi ngumu, kisha kadi hiyohiyo ikiwa na neno la nukta nundu chini ya kile kipande, kisha kipande kidogo zaidi na neno lilelile, mwisho neno peke yake. Kadi zote ziwe za ukubwa mmoja, na kata pembe ya juu kulia ili mtoto ajue upande wa juu bila kubahatisha. Katika kila daraja alama ya mkono inatolewa vilevile. Usiivue alama ya mkono kwa kuwa nukta zimeingia: ndiyo lugha yake ya kuongea, na nukta ni maandishi yake.

Mtoto anayefika kwenye daraja la kadi yenye kipande na neno, na anayetumia alama kadhaa kwa hiari yake kuomba na kukataa, yuko tayari kuletewa mashine.

Siku za mwanzo

Mpe mashine bila karatasi kwanza. Aigeuze, apapase mpini, asukume kichwa kulia na kushoto, akute vifundo vya pembeni vya kuzungushia karatasi. Kupakia karatasi ndiko kunakoharibu mashine nyingi, kwa hiyo mfundishe kwa utaratibu mmoja usiobadilika. Kichwa cha kuchapia kisukumwe hadi mwisho wa kushoto. Vifundo viwili vya pembeni vizungushwe kwenda mbali nawe mpaka vigome. Vishikizo viwili vya juu vya kuachia karatasi vivutwe kuja kwako, vyote viwili, mpaka mwisho. Karatasi iingizwe chini ya kichwa, ikiwa bapa, ukingo wake wa kushoto ukigusa kizuizi. Vishikizo virudishwe. Vifundo vizungushwe kuja kwako mpaka vikatae. Kitufe cha mstari kibonyezwe mara moja ili karatasi ijifunge mahali pake. Karatasi ikienda upande, karibu kila mara ni kwa sababu kishikizo kimoja hakikuvutwa hadi mwisho. Na mtu asiichomoe karatasi kwa nguvu vishikizo vikiwa vimefungwa.

Hatua hizo zote zina alama: vuta, ingiza, funga, zungusha. Zitoe kila mara. Mtoto atapata vitenzi vinne kutokana na kazi anayoifanya kila siku, na vitenzi ndivyo vinavyokosekana zaidi kwa watoto waliofundishwa kwa lebo za vitu.

Herufi za kwanza kuandika ziwe zile ambazo vidole vinaziweza. Anza na seli kamili, nukta zote sita kwa pamoja, mstari mzima, ili apate nguvu na ajue mwendo wa kichwa. Kisha mkono wa kushoto peke yake: a ni nukta ya 1, b ni 1 na 2, l ni 1, 2 na 3, k ni 1 na 3. Kwa herufi hizo nne tayari anaandika «lala», «baba» na «kaka» bila kuhitaji mkono wa kulia hata kidogo, na haya ni maneno yenye watu na matukio halisi ndani yake. «Mama» inahitaji nukta ya 1, 3 na 4 kwa m, yaani umbo la k pamoja na kidole cha shahada cha kulia, mikono yote miwili ikibonyeza kwa wakati mmoja, jambo gumu kwa mtoto anayeanza. Itakuja wiki zinazofuata. Usimshinikize kwa kuwa ni neno la kupendeza wazazi.

Lakini kilicho chepesi kuandika si lazima kiwe chepesi kusoma. «Lala», «baba» na «kaka» vinatofautiana kwa nukta moja tu au mbili katika kila konsonanti, na kidole kisichozoea kitavichanganya. Kwa kusoma, jozi ya kwanza itofautiane kwa urefu na kwa umbo: «oga» na «bembea», kwa mfano. Mtoto ataanza kwa kupima urefu wa neno, na hilo si udanganyifu, ni hatua. Orodha ya maneno ya kuandika na orodha ya maneno ya kusoma ziende sambamba bila kulazimishwa kuwa moja.

Zipo herufi zinazosumbua karibu kila mtoto. E ni nukta ya 1 na 5, i ni 2 na 4; moja ni mgeuko wa nyingine. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo e na i hujitokeza kila mahali na haziwezi kukwepwa. Fundisha moja mpaka iwe imara kabla ya kuleta ya pili. D, f, h na j ni kundi la pili la matata: kila moja ina nukta tatu kati ya nne za juu, na tofauti ni pembe ipi iliyo tupu. «Maji» lina j na i zikifuatana, 2, 4 na 5 halafu 2 na 4, kwa hiyo japokuwa ni neno la kila saa, si neno la kwanza la kusoma.

Mtoto asome kwa vidole vya shahada vya mikono yote miwili, kwa mguso mwepesi, akiteleza kulia. Akianza kusugua juu na chini, au kukandamiza mpaka ncha ya kidole inageuka rangi, hisia hupungua. Mara nyingi sababu ni nukta zilizolala kwa ajili ya karatasi nyembamba. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 huchanika au nukta zake hufa baada ya kusomwa mara chache. Tumia ya gramu 140 hadi 160 kwa mita ya mraba. Pwani, ambako hewa ina unyevu, ifunge kwenye mfuko wa plastiki na uilaze bapa, kwani karatasi iliyonyonya maji hutoa nukta laini hata mashine ikiwa mpya.

Kitabu cha matukio

Mashine inaonyesha thamani yake hapa kuliko kwenye lebo. Mara tu baada ya tukio, siku hiyohiyo, keti na mtoto mbele ya mashine. Mliporudi kutoka bandani mmekuja na unyoya wa kuku. Uguseni tena, zungumzeni mkononi: kuku, aliruka, mkono ulishtuka. Kisha mtu mzima anaandika mstari mmoja au miwili huku mikono ya mtoto ikiwa juu ya yake, au mtoto anaandika neno moja analoliweza na mtu mzima anamalizia. Bandika unyoya juu ya ukurasa, maandishi yawe chini yake. Usibandike kitu kinachooza. Toboa, funga kwa kamba, kurasa zikiongezeka mna kitabu ambacho mtoto anakifahamu chote kwa sababu yaliyomo yalimtokea. Kitabu cha duka kuhusu simba na theluji hakimwambii kitu mtoto ambaye hajawahi kugusa hata kimoja.

Andika Kiswahili sahihi katika kitabu hicho. Hapa kuna ugumu wa lugha yetu wenyewe. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mbele yake mtendaji na wakati: ninacheza, anacheza, tutacheza. Kidole kinachotoka kushoto kinakutana kwanza na «nina» au «tuta», na mtoto anayeijua kadi ya «cheza» hafikii neno lake mpaka mwisho. Katika lugha ya alama, mara nyingi tendo lina umbo lake na mtendaji huonyeshwa kivyake, kwa hiyo ni kidogo kilichomwandaa kwa mpangilio huu. Walimu wengine huandika «a na cheza» kwa nafasi ili kumsaidia. Hatuungi mkono. Nafasi katika nukta nundu ina maana yake, na umbo la uongo likishazoeleka ni kazi kuling'oa. Tengeneza kadi ya «cheza» na kadi fupi za «nina», «ana», «tuta», zinazosogezwa mpaka kugusana bila pengo. Mtoto ajenge neno kwa mikono, alisome, kisha aliandike likiwa limeungana. Alama ya herufi kubwa, nukta ya 6, inaweza kungoja.

Pale inapokwama

Kengele ya mwisho wa mstari hulia seli saba hivi kabla ya pambizo, na mtoto huyu hataisikia. Atabonyeza mpaka kichwa kigote, na herufi za mwisho zitaharibika. Mfundishe kupeleka kidole kwenye kichwa cha kuchapia baada ya kila neno ili ajue kimefika wapi, na usogeze pambizo ya kulia ndani ili mstari uwe mfupi na mtoto auhisi mwisho wake mapema.

Kosa halifutiki vizuri. Ukiikandamiza nukta kwa ukucha hubaki kivuli chake, na kidole cha mtoto kitakikuta. Ni bora arudi nyuma na kuandika seli kamili juu ya herufi mbovu, kisha aendelee. Seli kamili atakuwa ameshaijua tangu siku za mwanzo.

Vitufe ni vizito. Mtoto mwenye misuli dhaifu, au mwenye vidole vifupi, atachapa herufi zenye nukta pungufu, nawe utadhani hajui tahajia. Kabla ya kumsahihisha, angalia kama nukta inayokosekana ni ileile kila mara. Kama ni ya 3 au ya 6 daima, tatizo ni kidole. Kuna viendelezi vya vitufe vinavyouzwa kupunguza nguvu inayohitajika, na kuna toleo la mashine la kutumia mkono mmoja.

Kuhusu mashine zenye sauti na kioo, SMART Brailler ya Perkins ikiwa mojawapo, sauti haimsaidii mtoto huyu, lakini kioo humsaidia mzazi anayeona asiyejua nukta nundu, kwa kuwa herufi za kawaida hutokea hapo mtoto anapoandika. Ni faida ya kweli nyumbani. Gharama yake ni betri, umeme na fundi asiyepatikana kirahisi. Vifaa vya pini zinazopanda na kushuka, kama Orbit Reader 20 chenye seli 20, vinamfaa anayesoma tayari. Kwa anayeanza, maneno yanayotoweka chini ya kidole yanachanganya, karatasi inabaki.

Matunzo ni machache. Ifunike kila isipotumika, hasa bara penye vumbi jekundu. Usipake mafuta ya kupikia, ya cherehani wala ya baiskeli vitufe vikikwama: mafuta hushika vumbi na kugeuka utope ndani ya mitambo, na fundi atalazimika kuifungua yote. Kitufe kizito ghafla, au kichwa kisichosogea baada ya herufi, ni kazi ya fundi aliyefunzwa mashine hii.

Mashine mpya huuzwa kwa mamia ya dola za Kimarekani kabla ya usafiri, kwa hiyo wengi wetu tutanunua iliyotumika. Waulize walimu waliosomea elimu ya wasioona, kwa mfano waliopitia chuo cha Patandi, Arusha, au KISE (taasisi ya elimu maalumu ya Kenya), Nairobi, wakuambie nani anaitengeneza karibu nawe. Bila fundi usinunue. Ukiiona, nenda na karatasi yako nene. Andika mstari mzima wa seli kamili, ushushe, uandike wa pili na wa tatu. Fumba macho upitishe kidole: nukta zote sita ziwe na kimo kimoja kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, na mistari isikaribiane wala kuachana. Kisha andika mstari wa a peke yake na mstari wa nukta ya 6 peke yake, maana kitufe kilichochoka hujificha vingine vinapobonyezwa nacho. Sogeza kichwa taratibu kwa mkono. Kikisita mahali palepale kila mara, meno ya ndani yameumia. Mwisho pakia na kutoa karatasi mara tano mfululizo. Ikienda upande hata mara moja ilhali vishikizo vimevutwa sawasawa, omba punguzo linalotosha gharama ya matengenezo, au iache.